Rovu la Siku Nyingi: Je, Laweza Kugeuka Kansa?

Si jambo la ajabu, katika mitaa ya Katuba, Kenya, Kamalondo au Ruashi hapa Lubumbashi, kukutana na mama ambaye shingo yake imejaa mbele, naye ameitupia kitenge juu ili isitazamwe. Uvimbe huo kwa Kiswahili huitwa rovu. Wengine wamekaa nalo tangu usichana, wamezaa nalo, wamelea nalo, wala hawalihesabu kuwa ugonjwa. Wengine, walakini, wakisikia kwamba jirani mwenye uvimbe wa shingo amekutwa na kansa, hawapati tena usingizi. Na siku hizi, kwa kuwa vipimo vya damu na picha za ekografia vimeongezeka mijini, limezuka neno jipya. Mgonjwa hutoka hospitali na karatasi isemayo kwamba tezi ya shingo yake ina mchochota sugu, na jina la Mjapani mmoja, Hashimoto, limeandikwa hapo. Akifika nyumbani, swali la kwanza la jamaa zake ni hili: Je, huo ndio mwanzo wa kansa?

Swali hilo ni la haki, tena si la mtu mjinga. Wataalamu wamelibishania tangu mwaka 1955, na hata leo hawajalimaliza lote. Lakini yako mambo yaliyokwisha kujulikana vizuri, nayo yawatosha baba na mama wa nyumba kuamua la kufanya. Mwandishi wa maneno haya si daktari, ni mwalimu. Hata hivyo yafaa mambo haya yaelezwe kwa lugha yetu, maana watu wa namna mbili wanapata hasara: yule anayedharau, na yule anayeogopa kupita kiasi.

TEZI YENYE UMBO LA KIPEPEO

Mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, iko tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Vitabu huiita tezi ya dundumio. Madaktari wetu waliosoma Kifaransa huiita tiroidi. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20 tu, lakini kazi yake ni kubwa. Hutengeneza homoni, yaani maji ya nguvu yanayotiwa katika damu, ambayo huamuru mwili wote ufanye kazi kwa mwendo gani. Ni kama moto wa jikoni. Ukizidi, chakula kinaungua: moyo unapiga mbio, mikono inatetemeka, mtu anakonda ingawa anakula. Ukififia, chungu hakichemki: mtu anachoka, ananenepa bila sababu, ngozi inakauka, choo kinakuwa kigumu, hedhi inaharibika, mimba haishiki. Ukimwona mtu hapa Lubumbashi anavaa koti mwezi wa Oktoba, wakati sisi wengine tunatafuta kivuli cha mwembe, usimcheke. Mwulize habari za shingo yake.

Homoni hiyo haiwezi kutengenezwa bila iodini. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno: kwa maisha yote ya mtu chatosha kijiko kimoja cha chai. Lakini iodini ni kitu cha baharini, na sisi tuko mbali na bahari. Mvua za miaka maelfu zimeiosha katika udongo wa bara, na samaki wa maji matamu, kama wale wanaotoka Kasenga na ziwa Mweru, hawana nyingi kama samaki wa bahari. Hata chumvi ya wazee wetu haikuwa dawa yake. Kabla ya chumvi ya viwandani, watu wa Katanga walipata chumvi katika bonde la Lufira, mahali kama Mwashya, na katika siku za mfalme Msiri wa Bunkeya chumvi hiyo ilikuwa mali ya biashara pamoja na shaba na pembe za ndovu. Ilikuwa chumvi njema kwa kitoweo, ila hakuna aliyeitia iodini.

Tezi inapokosa iodini haikai bure. Hukua, kama mkulima anayeongeza eneo la shamba kwa kuwa udongo hauzai. Ndivyo rovu linavyoanza. Na nchi ya Kongo ndiyo iliyowafundisha wataalamu wa dunia mengi juu ya jambo hilo. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, madaktari Wabelgiji waliokuwa wakishirikiana na kituo cha utafiti cha Lwiro walikuta kwamba kaskazini ya kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, na kusini-magharibi karibu mtu mmoja tu katika ishirini. Walakini iodini ilikuwa chache pande zote mbili! Tofauti ilikuwa nini? Ilikuwa muhogo. Watu wa kaskazini walikula muhogo mwingi zaidi, na muhogo usiolowekwa vizuri una sumu ambayo ini huigeuza kuwa kitu kingine, nacho huizuia tezi kupokea hata ile iodini kidogo iliyopo. Kwa hiyo akina mama wanaoloweka muhogo siku kadhaa kabla ya kuanika na kutwanga wanaondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo.

Huko kaskazini ya Kongo, Ubangi na Uele, hali ilikuwa mbaya kupita ya Idjwi. Watoto walizaliwa na tezi ikaharibika mapema, wakabaki wafupi na akili zao hazikukua. Tezi za watoto hao hazikuvimba. Zilisinyaa na kujaa makovu. Wataalamu waliona kwamba huko hapakukosekana iodini tu, bali na madini mengine yaitwayo seleni, ambayo huikinga tezi isiunguzwe na kemikali zake yenyewe. Yafaa kukumbuka jambo hilo: tezi iliyoshambuliwa muda mrefu hupata makovu, na makovu si kansa.

MCHOCHOTA NI KITU GANI

Rovu la kukosa iodini si mchochota. Mchochota ni hali ya kiungo kuvamiwa na askari wa mwili wenyewe, yaani chembe nyeupe za damu. Ukichomwa na mwiba, mahali pale hupata joto, huvimba na kuuma. Huo ni mchochota wa siku chache, na ni mwema. Mchochota sugu ni ule usiokwisha. Askari wamekuja, adui hayupo, nao hawataki kurudi kambini.

Mwaka 1912 daktari kijana, Hakaru Hashimoto, wa chuo kikuu cha Fukuoka huko Japani, aliandika kwa Kijerumani habari za wanawake wanne waliopasuliwa shingo. Chini ya darubini tezi zao zilikuwa zimejaa chembe nyeupe kama vile kijiji kilichojaa wageni. Maandishi yake hayakuangaliwa sana. Yeye mwenyewe akarudi kwao akawa daktari wa kijijini, akafa mwaka 1934 kwa homa ya matumbo, bila kujua kwamba jina lake lingesomwa katika hospitali za ulimwengu wote. Ilipofika mwaka 1956 wataalamu wa London waligundua sababu: katika damu ya wagonjwa hao kulikuwa na kingamwili zilizoelekezwa juu ya tezi yao wenyewe. Mwili ulikuwa unajipiga vita.

Maradhi haya huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, tena hurithiwa katika jamaa. Kwa kawaida hayaumi. Rovu lake ni gumu kidogo kama mpira, halikui haraka, na baada ya miaka tezi huchoka na moto wa jikoni hufifia. Dawa yake ni kidonge cha homoni, levotiroksini, kinachomezwa kila asubuhi kabla ya kula, mara nyingi maisha yote. Wako wagonjwa wanaokiacha kwa kuwa wamepata nafuu, na hilo ni kosa kubwa, hasa kwa mama mwenye mimba, maana akili ya mtoto tumboni yategemea homoni ya mama yake. Aliyepata mimba na aendelee na kidonge, tena aende mapema kupimwa, kwa sababu kiasi chake mara nyingi huongezwa.

JE, MCHOCHOTA HUZAA KANSA?

Kwamba mchochota wa muda mrefu waweza kuzaa kansa katika viungo vingine, hilo halina ubishi, na sisi Waafrika tunayo mifano karibu. Kichocho kinachokaa miaka mingi katika kibofu cha mkojo chaweza kuleta kansa ya kibofu. Homa ya manjano ya ini inayoletwa na virusi vya aina ya B, ikikaa, yaweza kuleta kansa ya ini. Askari wa mwili hupiga risasi za kemikali. Risasi nyingine huanguka juu ya jeni za chembe zetu wenyewe. Chembe zinakufa, nyingine zinazaliwa kwa haraka kuziba pengo, na katika haraka hiyo makosa hutokea. Basi mwaka 1955, madaktari wapasuaji wa Marekani walipotangaza kwamba katika tezi zenye ugonjwa wa Hashimoto walikuta kansa mara nyingi kuliko walivyotazamia, watu wengi waliona ni jambo la kuaminika.

Lakini hapa hatuna budi kutulia na kuhesabu vizuri. Tuseme mtu anataka kujua kati ya wakaaji wa Lubumbashi wezi ni wangapi. Akienda kuhesabu katika gereza la Kasapa, atapata jibu la kutisha, nalo litakuwa jibu la uongo, maana waliomo Kasapa wamekwisha kuchaguliwa kabla yeye hajafika. Ndivyo ilivyo kwa tezi zilizopasuliwa. Daktari hapasui kila shingo. Hupasua ile ambayo tayari ina dalili mbaya. Mwaka 2013 madaktari wa Marekani walikusanya uchunguzi mwingi na kuuweka katika mafungu mawili. Katika fungu la watu waliopasuliwa, wenye Hashimoto waliokutwa na kansa ya papilari walikuwa zaidi ya 27 katika kila 100. Katika fungu la watu waliochomwa sindano ndogo tu, bila kuchaguliwa kwa ajili ya kisu, walikuwa kama 1 katika kila 100. Ni ugonjwa uleule mmoja! Tofauti yote imetoka katika mlango ambao mwenye kuhesabu ameingilia.

Je, basi uhusiano haupo kabisa? Sivyo. Wengi wanaona kwamba upo, ila ni mdogo kuliko ulivyosemwa zamani. Njia moja yaeleweka kwa urahisi. Chini ya ubongo iko tezi nyingine ndogo inayoitawala ile ya shingoni. Tezi ya shingo inapolegea, mtawala huyo hupaza sauti: hutoa homoni ya kuamuru kwa wingi, na amri hiyo huziambia chembe za shingoni, kueni, kueni! Mwaka 2006 madaktari wa Birmingham, Uingereza, walionyesha kwamba kati ya wagonjwa wenye uvimbe wa tezi, wale waliokuwa na homoni hiyo kwa wingi zaidi ndio waliokutwa na kansa mara nyingi zaidi. Twaona hapo faida nyingine ya kumeza kidonge kwa uaminifu: mtawala hunyamaza.

Tena, papilari ni kansa pole kuliko zote za tezi. Panapokuwa na matibabu, katika wagonjwa 100 zaidi ya 90 wangali hai baada ya miaka kumi. Na wenye papilari pamoja na mchochota, kwa wastani, huwa na hali njema kuliko wenye papilari peke yake: kansa yao imesambaa kidogo zaidi katika tezi za limfu za shingo, nayo hurudi mara chache zaidi. Labda ni kwa sababu askari waliojaa pale wanapigana nayo, labda ni kwa sababu wagonjwa hao huonekana mapema kwa kuwa wanatazamwa mara kwa mara. Kila maelezo yana watetezi wake.

Iko kansa nyingine, na juu ya hiyo sitasema maneno ya kubembeleza. Ni limfoma ya tezi. Hii haitoki katika chembe za tezi yenyewe, bali katika wale askari walioivamia. Mmoja wao huasi na kuanza kujizidisha. Mwaka 1985 wataalamu wa Sweden walitangaza matokeo ya kuwafuata wagonjwa 829 wenye mchochota sugu. Kansa za kawaida za tezi hazikuzidi kwao kuliko kwa watu wengine. Lakini limfoma ya tezi ilizidi mara 67. Hesabu hiyo hutisha ikisomwa peke yake, kwa hiyo na isomwe pamoja na hii: limfoma ya tezi ni ugonjwa adimu sana, na kitu adimu sana, hata kikizidishwa mara 67, bado ni adimu. Wengi mno wenye Hashimoto hawataupata kamwe. Unaowapata ni zaidi wanawake waliopita miaka 60, ambao rovu lao lililokaa kimya miaka mingi hukua ghafula katika majuma machache.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu matibabu yake ni tofauti. Limfoma mara nyingi haihitaji kuondolewa kwa kisu; hutibiwa kwa dawa na kwa mionzi, na wengi hupona. Bibi akikimbizwa kupasuliwa bila kipande cha nyama kupimwa kwanza, huenda akapata jeraha lisilo la lazima. Na bibi akiachwa nyumbani kwa kuwa "hilo ni rovu lake la siku zote", huenda akafika hospitali wakati hawezi tena kupumua.

HABARI ZA SHINKOLOBWE

Katika Katanga hii, ukitaja kansa ya tezi, mtu hakosi kuuliza juu ya Shinkolobwe. Ni kweli kwamba mnururisho, hasa utotoni, ni sababu ya kansa ya tezi iliyothibitishwa kuliko nyingine zote. Baada ya ajali ya kinu cha Chernobyl mwaka 1986, maelfu ya watu wa Ukraine, Belarus na Urusi waliokuwa watoto siku hizo walipata kansa ya tezi, wengi kwa kunywa maziwa yenye iodini ya mnururisho. Na katika wale walionusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, waliokuwa watoto walipata kansa hiyo kupita kiasi cha kawaida. Uraniamu ya bomu lile, sehemu kubwa, ilikuwa imechimbwa hapa kwetu.

Lakini iodini ile yenye sumu huzaliwa pale uraniamu inapopasuliwa ndani ya bomu au ndani ya kinu. Jiwe lililolala ardhini halitoi kiasi cha kuidhuru tezi kwa njia hiyo. Simaanishi kwamba jiwe hilo ni salama, la hasha. Vumbi lake na hewa yake ni adui wa mapafu, na vijana wanaoingia mashimoni kwa siri wanajihatarisha bure. Nasema tu kwamba mama mwenye rovu huko Likasi asidhani amekwisha kuhukumiwa na mgodi ule.

CHUMVI ILIYOTIWA IODINI

Sasa nataka kujibu neno linalosemwa sokoni, kwamba chumvi ya kisasa ndiyo inayoleta magonjwa ya tezi. Neno hili lina punje ya ukweli, na punje hiyo yafaa itolewe katika makapi yake.

Tangu miaka ya 1990 chumvi inayouzwa Kongo imetiwa iodini, kama mashirika ya afya ya dunia yalivyoshauri, na marovu ya watoto yamepungua sana. Walakini tezi iliyofunga miaka arobaini, ikipewa chakula kingi ghafula, yaweza kushikwa na wazimu. Mwaka 1996 madaktari waliandika juu ya watu wa Kivu wenye marovu ya zamani yenye vinundu ambao, baada ya chumvi hiyo kufika, tezi zao zilifanya kazi kupita kiasi, moyo ukawaenda mbio. Tena katika jimbo la Salta, huko Argentina, nchi ya milima na ya marovu kama Kivu yetu, chumvi ya iodini ilianza kutumika katika miaka ya 1960. Wataalamu wakalinganisha tezi za kabla na za baada. Waliona mchochota umeongezeka. Waliona pia kwamba kansa za papilari zimekuwa nyingi zaidi zikilinganishwa na kansa za folikula.

Mwenye kusoma nusu ya habari atasema: mnaona, chumvi imeleta mchochota na kansa! Lakini nusu ya pili ndiyo kubwa. Mahali penye upungufu wa iodini, kansa za tezi zinazozidi ni zile kali: ya folikula, ambayo hupita katika damu hadi mapafuni na mifupani, na ya anaplastiki, ambayo huua katika miezi michache na karibu haina dawa. Hiyo hupenda kuzuka katika marovu makubwa yaliyozeeka. Iodini inapoenea, kansa hizo kali hupungua na ile pole huchukua nafasi. Ni mabadilishano ambayo hata mimi, nisiye daktari, ningeyakubali mara moja. Na bado sijataja watoto wa Ubangi, ambao akili zao zaweza kuokolewa kwa chumvi ya senti chache. Mwenye rovu kubwa la zamani na aitumie chumvi kama wengine wa nyumba yake, ila akisikia moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka, aende kupimwa.

DALILI ZA KUTAZAMWA

Katika vinundu 100 vya tezi, vyenye kansa ni vichache, kama 5 hadi 15. Vingine vyote ni vya kutazamwa tu au kuachwa. Ni vipi basi vya kuharakishia hospitali? Uvimbe unaokua kwa majuma badala ya miaka. Uvimbe mgumu kama jiwe, ambao umeshikamana na hauchezi mtu anapomeza mate. Sauti iliyokwaruza na kubaki hivyo bila mafua. Chakula kukwama, au pumzi kubana mtu anapolala chali. Vivimbe vingine vidogo vigumu kando ya shingo. Kinundu katika shingo ya mtoto, au kilichozuka kwa mzee, au kwa mtu aliyetibiwa kwa mionzi shingoni alipokuwa mdogo, hicho nacho hakifai kungojewa, wala kwa mwanamume kisidharauliwe, ingawa ugonjwa huu ni zaidi wa wanawake.

Hospitalini kwanza watapima damu, kujua moto wa jikoni ukoje. Kisha ekografia, ambayo haiumi wala haina mionzi. Kinundu kikiwa na sura ya mashaka, daktari hukichoma kwa sindano nyembamba na kuvuta chembe chache ili zitazamwe kwa darubini. Hapo ndipo wagonjwa wengi hukimbia. Husema kwamba kansa ikiguswa na chuma huamka. Sindano hiyo ni nyembamba kuliko ile ya kutolea damu, nayo haiamshi kitu. Wanaosimuliwa kwamba walikufa "kwa sababu ya sindano" ni watu waliochelewa miezi mingi kabla ya kukubali sindano, na jamaa waliokuwapo hukumbuka tukio la mwisho tu.

Kwa upande mwingine, asiye na dalili yoyote hana haja ya kuuza mbuzi ili apigwe picha ya shingo. Korea ya Kusini ilikuwa na mtindo wa kupima shingo za watu wazima wazima, na kati ya mwaka 1993 na 2011 hesabu ya waliotajwa kuwa na kansa ya tezi ikapanda mara 15. Watu maelfu wakapasuliwa. Je, vifo vilipungua? Havikubadilika. Zilikuwa kansa ndogo mno ambazo zingalilala shingoni mpaka mwenyewe afe kwa uzee. Wengi walibaki na kovu na kidonge cha kila siku, na baadhi walipoteza sauti au chokaa ya damu yao ikapungua, kwa kuwa mshipa wa sauti na tezi za chokaa viko karibu sana na mahali pa kisu.

Mwenye mchochota wa Hashimoto ambaye daktari amemwambia kwamba hana kinundu, na atulie. Apimwe damu kwa kadiri atakavyoelekezwa, ameze kidonge chake akiwa ameandikiwa, na apapase shingo yake mwenyewe mbele ya kioo mara kwa mara, akimeza mate na kutazama kama pande mbili za kipepeo zapanda pamoja. Mwenye kinundu atapewa siku ya kurudi, labda baada ya miezi sita, labda baada ya mwaka.

Jambo la mwisho ni karatasi. Ekografia huandika kipimo cha kinundu kwa milimita, na maabara huandika chembe zilizoonekana ni za namna gani. Karatasi hizo mara nyingi hufungiwa karanga au hupotea wakati wa kuhama nyumba, na daktari wa mwaka ujao, ambaye huenda si yule wa mwaka huu, hana cha kulinganisha. Kinundu cha milimita 12 kilichokuwa 12 miaka mitatu iliyopita ni habari moja. Kinundu cha milimita 12 kilichokuwa 5 ni habari nyingine kabisa. Na ziwekwe ndani ya sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo na vya ndoa, kila moja ikiwa na tarehe yake, na mama anapokwenda hospitali azichukue zote.